Trauti wa Mlima Kenya: Shauri kwa Mvuvi Mpya Akaaye Isiolo

Mtu asimamapo mjini Isiolo wakati wa adhuhuri, jua likichoma mabati ya maduka na vumbi likipanda nyuma ya malori yaendayo Marsabit, si rahisi kuamini kwamba samaki wapendao maji ya baridi kali wanaishi mahali ambapo yeye aweza kufika asubuhi na kurudi jioni. Lakini akigeuka na kutazama kusini, siku isiyo na mawingu, atauona Mlima Kenya umesimama na kilele chake cha meta 5,199. Katika mito ishukayo kutoka mlima ule anaishi samaki aitwaye trauti.

Watu wengi, hasa vijana, wamesikia habari za uvuvi huu, nao hudhani kwamba ni mchezo wa matajiri na wageni, au kwamba lazima mtu asafiri mpaka Nyeri ili auone. Mambo hayo si kweli. Makala haya yataeleza jinsi mtu wa Isiolo asiyejua lolote juu ya uvuvi huu anavyoweza kuvitafuta vijito vya trauti vilivyo karibu naye, vitu anavyohitaji, na mambo ambayo hapana budi ayaangalie.

SAMAKI HUYU NI NANI?

Trauti si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905 mlowezi aitwaye Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, ziwa la huko Scotland, yakatiwa katika mto Gura ulioko katika milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua. Mwaka 1910 aina ya pili ililetwa kutoka Afrika ya Kusini. Huyu huitwa trauti wa upinde wa mvua, kwa kuwa ubavuni ana mstari wenye rangi ya waridi. Asili yake hasa ni upande wa magharibi wa Amerika ya Kaskazini. Baadaye samaki hao walipelekwa katika mito mingi ya Aberdare na ya Mlima Kenya, na mwaka 1948 kilianzishwa kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, cha kuzalisha vifaranga vya trauti kwa ajili ya kuwatia mitoni.

Si vigumu kuzitambua aina hizo mbili. Trauti wa kahawia ana madoa meusi na mekundu, na mengi yamezungukwa na duara hafifu. Trauti wa upinde wa mvua ana madoa madogo meusi mpaka mkiani, pamoja na ule mstari wa ubavuni. Wote wawili wana nyama nzuri, na miiba yao huondoka kwa urahisi.

Zamani za ukoloni uvuvi wa trauti ulikuwa hasa starehe ya walowezi. Mwafrika aliyekaa kando ya kijito alionekana zaidi akimchukulia mvuvi mizigo kuliko akishika ufito mwenyewe. Tena wazee wengi wa makabila ya wafugaji hawakuwahesabu samaki kuwa chakula. Siku hizi mambo yamebadilika. Kila mwananchi mwenye leseni aweza kuvua, na kwa Waislamu, ambao ni wengi mjini Isiolo, samaki ni halali bila ya kuchinjwa. Basi kijana wa Isiolo asione haya kuujua mchezo huu, wala asidhani kwamba anajitia katika mambo ya watu wengine.

KWA NINI HAYUPO ISIOLO?

Mvuvi mpya akilielewa jambo hili, mengine yote yatakuwa mepesi kwake. Trauti hutaka vitu vitatu: maji ya baridi, maji safi, na maji yaendayo kwa kasi. Hupendezwa zaidi na maji ya digrii 10 mpaka 16 hivi. Yakizidi digrii 20 huanza kutaabika na kuacha kula, na yakikaribia digrii 25 huenda akafa.

Sababu ni hewa. Samaki naye huvuta hewa, ila yeye huipata ndani ya maji. Maji ya digrii 10 huweza kubeba hewa zaidi kuliko maji ya digrii 25 kwa kiasi cha theluthi moja. Tena mwili wa samaki ukipata joto huhitaji hewa nyingi zaidi. Kwa hiyo maji yakipata joto, hewa hupungua wakati uleule ambapo samaki anaihitaji zaidi. Maji yaendayo kasi na kurukaruka juu ya mawe hujichanganya na hewa, ndiyo sababu trauti huyapenda.

Sasa mji wa Isiolo uko kiasi cha meta 1,100 juu ya bahari. Maji ya hapo ni ya moto mno kwa trauti. Basi mtu asitupe mshipi wake katika mto Isiolo, wala katika Ewaso Nyiro pale Archer's Post, akitumaini kumpata. Humo wamo kambale na tilapia na samaki wengine wa nchi za joto, na katika Ewaso Nyiro wamo pia mamba.

Lakini kila mtu apandapo meta 1,000, hewa hupoa kwa kiasi cha digrii 6. Mji wa Timau uko juu ya meta 2,200. Kwa hiyo safari ya kutoka Isiolo mpaka Timau, ambayo ni kiasi cha kilometa 60 tu, humtoa mtu katika nchi ya ngamia na kumfikisha katika nchi ya ngano na makoti mazito. Kanuni ya mvuvi mpya ni hii: usitafute trauti chini ya meta 1,800, na kadiri unavyopanda kuelekea msituni ndivyo tumaini lako linavyozidi.

NJIA YA KUPANDA

Tuseme kuna kijana afanyaye kazi dukani Isiolo, mwenye siku moja ya mapumziko katika juma. Aondoke mapema kwa matatu iendayo Nanyuki. Barabara hupanda moja kwa moja kuelekea kusini, na baada ya karibu kilometa 30 hufika Subuiga. Hapo njia ya mkono wa kushoto huenda Meru, na ile ya kulia huenda Timau na Nanyuki. Ashike ya kulia. Punde ataona mashamba makubwa ya ngano na shayiri, na nyumba za plastiki za kupandia maua, na upepo wa mlimani utamwambia kwamba amefika.

Shauri letu ni kwamba asianze na mto. Aanze na kidimbwi. Katika nchi ya Timau kumepata kuwa na mashamba yafugayo trauti katika vidimbwi vyenye maji ya kijito, ambapo mgeni hulipa kwa samaki anayemtoa. Aulize kwanza ni shamba gani lililo wazi na bei yake ni gani. Watu wengine hucheka uvuvi wa vidimbwini na kusema kwamba si uvuvi wa kweli. Lakini mwanafunzi huanza na alifu kabla ya kusoma kitabu. Kidimbwini ataona jinsi trauti anavyomchukua nzi, jinsi anavyovuta, na jinsi ya kumtoa bila kukata mshipi. Hayo yote akijaribu kuyajifunza mara ya kwanza katika kijito chembamba chenye vichaka huku na huku, atarudi nyumbani na hasira badala ya samaki.

Akiisha kujifunza, na aende mitoni. Katika upande huu wa mlima vijito ni vingi: Timau, Ontulili, Sirimon na Liki, kisha Nanyuki, na mbele ya hapo Burguret na Naro Moru. Yote hushuka kutoka mlimani, ikavuka barabara kuu, ikaenda kumiminika katika Ewaso Nyiro. Jambo la kuangalia ni hili: mvuvi asivue pale darajani anapoteremka garini. Chini ya barabara maji huwa yamekwisha pungua kwa kuchotwa na kuchafuliwa na udongo, nayo yamepata joto. Mahali pazuri ni juu ya barabara, kuelekea mpaka wa msitu na ndani ya msitu wenyewe.

Mwenye nguvu za miguu na siku mbili tatu za nafasi aweza kwenda mbali zaidi. Juu ya meta 3,000, katika nchi ya nyasi na baridi iliyo juu ya msitu, yako maziwa madogo yenye trauti. Ziwa Rutundu na Ziwa Alice hufikiwa kutoka upande wa Timau, nalo Ziwa Ellis hufikiwa kutoka upande wa Chogoria, kupitia Meru. Rutundu ilipata sifa duniani mwaka 2010, Mwanamfalme William wa Uingereza alipomposa Bibi Catherine Middleton huko. Lakini safari hizo si za mtu anayeanza, tena si za mtu mmoja peke yake.

PIMA KABLA YA KUVUA

Jinsi gani mtu atajua kama kijito alichofika kina trauti? Kwanza aulize wenyeji. Mtoto achungaye mbuzi kando ya kijito hujua mengi kuliko ramani. Pili, apime maji. Kipimajoto kidogo cha bei rahisi chatosha. Lakini asipime alfajiri, kwa maana alfajiri kila kijito ni baridi. Apime alasiri, wakati maji yanapokuwa na joto zaidi. Maji yakiwa chini ya digrii 18 saa hiyo, trauti aweza kukaa humo.

Tatu, ageuze mawe machache yaliyo chini ya maji na kuyatazama upande wa chini. Akiona wadudu wadogo wamejishika juu ya jiwe, wengine wamejijengea vijumba vya mchanga na vijiti, ajue kwamba kijito ni hai na chakula cha trauti kipo. Akikuta jiwe limefunikwa na utelezi mnene wa kijani, wala hapana mdudu hata mmoja, ajue kwamba kuna jambo baya linaloingia majini kutoka juu. Kisha ayarudishe mawe kama alivyoyakuta.

RUHUSA KWANZA

Usiingie mtoni kabla ya kupata ruhusa. Ruhusa zenyewe zaweza kuwa mbili. Ya kwanza ni leseni ya uvuvi, ambayo huulizwa katika ofisi ya samaki ya kaunti yenye mto huo. Bwana Samaki wa hapo ndiye atakayekueleza ada, ukubwa wa samaki awezaye kuchukuliwa, hesabu yake kwa siku, na mito iliyofungwa. Usitegemee maneno ya rafiki aliyevua miaka iliyopita, kwa kuwa kanuni hubadilika.

Ya pili ni ruhusa ya mwenye mahali. Kama mto umepita katika shamba la mtu, hodi ni ya lazima. Kama uko ndani ya msitu wa serikali, waulize walinzi wa Shirika la Misitu. Na kama uko ndani ya Hifadhi ya Mlima Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949, mtu huingia kwa lango, kama lile la Sirimon, hulipa kiingilio, na hufuata amri za Shirika la Wanyamapori.

Tangu zamani sheria ya trauti nchini Kenya imetaka avuliwe kwa ufito, mshipi na nzi wa bandia. Wavu, mtego na sumu ni haramu. Anayetia sumu kijitoni haui trauti tu, bali huua kila kilichomo, na huenda akamdhuru mama anayeteka maji kilometa chache chini yake.

VYOMBO VYA MVUVI

Katika uvuvi mwingine mtu hufunga kipande cha risasi, na uzito huo huuvuta mshipi kwenda mbali. Katika uvuvi wa nzi hapana risasi. Nzi wa bandia ni mwepesi kama unyoya, kwa sababu ni manyoya yaliyofungwa juu ya ndoana ndogo. Kitu kizito ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umetengenezwa kwa kusudi hilo. Mvuvi huurusha mshipi, na nzi hufuata nyuma.

Kwa vijito vya Timau ufito wa futi 7 au 8 unatosha. Pamoja nao utahitaji gurudumu la kukunjia mshipi, mshipi mnene unaolingana na ufito, na kipande cha uzi mwembamba usioonekana majini, urefu wa futi 7 hivi, cha kufungwa kati ya mshipi na nzi. Vitu vipya ni ghali, lakini vilivyokwisha tumika hupatikana, tena marafiki wawili au watatu waweza kununua ufito mmoja na kupokezana. Viatu vikuukuu visivyoteleza, kofia, na koti la mvua vinatosha kwa mavazi.

Nzi wenyewe si wa kuagizwa kutoka mbali. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa nchi mojawapo ifungayo nzi kwa mikono na kuwauza Ulaya na Marekani, na watu wengi, wanaume kwa wanawake, wamepata riziki kwa kazi hiyo. Mtu mwenye macho mazuri na vidole vyepesi aweza kujifunza kufunga wake kwa manyoya ya jogoo na uzi wa cherehani. Anayeanza na awe na nzi weusi wachache na wa kahawia wachache, wadogo na wa kadiri. Vinamtosha.

KUJIFUNZA KURUSHA

Mazoezi yafanywe nyumbani. Uwanja wa mpira wa Isiolo unafaa sana. Mahali pa ndoana funga kipande cha uzi wa sufu, ili usijichome wala kumchoma mtu anayepita. Inua ufito kwa nguvu kidogo mpaka upite wima kidogo tu, kisha ngoja. Mshipi utaruka nyuma na kunyooka. Ukiisha nyooka, sukuma mbele, usimamishe ufito ghafula, na mshipi utajikunjua mbele yako.

Kosa la wanaoanza ni moja, nalo ni haraka. Kila mchungaji anajua sauti ya kiboko kinapopigwa hewani. Basi ukisikia mshipi wako unalia kama kiboko, ujue umesukuma kabla haujanyooka nyuma, na kama ungekuwa mtoni, nzi wako angekwisha katika na kupotea. Dakika 20 za mazoezi kila jioni kwa muda wa majuma mawili zinatosha kumfanya mtu aweze kumweka nzi hatua nane mbele yake. Katika vijito hivi, hatua nane ni mbali ya kutosha.

KUSOMA MTO

Trauti hulala akielekeza kichwa mahali maji yatokako, kwa sababu chakula chake huletwa na maji. Kwa hiyo mvuvi humwendea kutoka nyuma, yaani akitoka chini ya mto na kupanda. Akimwendea kutoka juu ataonekana kabla hajafika, tena tope la miguu yake litatangulia kumsema.

Trauti hapendi kupigana na maji yenye nguvu siku nzima. Hukaa mahali penye utulivu palipo karibu na mkondo: nyuma ya jiwe kubwa, chini ya ukingo uliochimbwa na maji, pembeni mwa maporomoko madogo, au mwishoni mwa kidimbwi ambapo maji huanza tena kukimbia. Hapo hungoja, na kitu kikipita huchomoka, hukichukua, na kurudi mahali pake. Mvuvi ajiulize: kama mimi ningekuwa samaki, ningekaa wapi nile bila kuchoka na bila kuonekana na ndege?

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hiyo yawafaa wavuvi wa trauti kuliko watu wote. Inama. Tembea polepole. Usiache kivuli chako kianguke juu ya maji. Mweke nzi juu kidogo ya mahali unapodhani samaki amelala, umwache achukuliwe na maji kama mdudu wa kweli, bila kumvuta. Ukiona maji yametikisika au mshipi umesimama, inua ufito kwa upole. Usivute kama mtu avutaye ndoo kisimani.

Samaki unayemtaka kwa chakula muue mara moja kwa kumgonga kichwani, usimwache ataabike kwenye majani. Yule aliye mdogo, au aliyezidi hesabu, mrudishe. Lowesha mikono yako kwanza, kwa kuwa mikono mikavu hutoa utelezi unaomlinda na magonjwa. Mshike majini, kichwa kikielekea mkondo, mpaka aondoke mwenyewe.

Jambo moja ni marufuku kabisa: usichukue trauti hai na kumtia katika kijito kingine. Trauti ni samaki mlaji, na wataalamu wa dunia wameziandika aina zote mbili miongoni mwa viumbe wageni 100 waletao madhara makubwa wanapotiwa mahali pasipo pao.

HATARI ZA MLIMANI

Msitu wa Mlima Kenya una tembo na nyati. Tembo hao hutembea. Tangu mwaka 2011 wamekuwa wakipita katika njia iliyojengwa chini ya barabara ya Nanyuki na Meru, wakienda na kurudi kati ya mlima na msitu wa Ngare Ndare. Mvuvi aliyeinama kijitoni, na masikio yake yamejaa sauti ya maji, hasikii kitu kinachokuja nyuma. Basi usiende peke yako. Mchukue mwenyeji anayeijua njia, umlipe haki yake, na yeye awe macho wakati wewe unatazama maji. Kazi hiyo ya kuongoza wavuvi yaweza kuwa riziki nzuri kwa kijana wa Timau au wa Isiolo aliye mwaminifu na mwenye kuujua msitu.

Ya pili ni mvua. Katika miezi ya masika, Machi mpaka Mei, na ya vuli, Oktoba mpaka Desemba, mito hujaa na kuwa ya tope, na trauti hawezi kumwona nzi. Mvua yaweza kunyesha juu mlimani nawe chini umo juani, na kijito kikapanda ghafula. Maji yakianza kubadili rangi, toka mtoni. Ya tatu ni baridi. Mtu wa Isiolo husahau koti kwa kuwa alikotoka hapana haja nalo.

MAJI HAYA NI YA WATU WOTE

Huenda msomaji wa Merti au Garba Tula, asiye na nia ya kuvua samaki hata mmoja, akauliza: mambo haya yanihusu nini mimi? Yanakuhusu sana. Vijito vile vya trauti ndivyo vinavyoujaza mto Ewaso Nyiro, unaopita Archer's Post na Merti mpaka bwawa la Lorian. Ng'ombe na ngamia wa nchi kubwa hunywa maji ambayo kwanza yalipita juu ya mawe ya Timau na Sirimon. Maji hayo kwa sehemu kubwa hayatoki kwenye barafu ya kilele, kama wengi wanavyodhani. Hutoka kwenye mvua inayonyweshwa na msitu na nchi ya nyasi iliyo juu yake, ambayo huishika kama sifongo na kuiachia kidogo kidogo.

Katika ukame wa mwaka 2009 Ewaso Nyiro ulikauka huko Samburu, wanyama na watu wakachimba mchangani kutafuta maji. Miezi michache baadaye, Machi 2010, mto uleule ulifurika na kuzoa kambi za wageni zilizokuwa ukingoni. Mto ukikauka mwaka mmoja na kufurika mwaka unaofuata, chanzo kimoja ni hali ya hewa, lakini kingine ni mikono ya watu: miti iliyokatwa, na mifereji na mabomba yachotayo maji mengi juu, wakati wa kiangazi, pasipo kumfikiria aliye chini.

Trauti hawezi kusema, lakini ni shahidi. Yeye ndiye wa kwanza kuondoka maji yanapopungua, yanapopata joto au yanapotiwa dawa za shambani. Kijito kilichokuwa na trauti miaka kumi iliyopita na leo hakina, kimetuma barua kwa watu wa chini. Mvuvi ndiye aisomaye kwanza, kwa kuwa ndiye apimaye joto la maji na kugeuza mawe. Basi ana wajibu wa kusema. Tangu Sheria ya Maji ya mwaka 2002, wananchi wa kando ya mito wamepewa njia ya kuunda vyama vya watumiaji wa maji, ambamo mwenye shamba la juu na mfugaji wa chini hukaa pamoja kupatana juu ya mgawo. Mvuvi akiona bomba lisilo na kibali, au maji yenye harufu, na apeleke habari katika chama cha mto huo au kwa ofisi ya maji, akitaja mahali, siku, na joto alilolipima.

Kwa hiyo kijana wetu wa dukani na anunue daftari dogo pamoja na ndoana zake. Kila aendapo mtoni aandike jina la kijito, tarehe, saa, joto la maji, wadudu aliowaona chini ya mawe, na samaki aliowapata, hata kama hakupata yeyote. Baada ya mwaka mmoja atajua mahali trauti walipo kuliko mtu yeyote mjini. Na baada ya miaka mitano, wazee wa maji wakikutana kujadili kwa nini mto umepungua, atakuwa na neno la kuwaambia, nalo limeandikwa.